KABLA KATAPILA HALIJANGURUMA TUKUYU

Ukitaka vijana wa kijiweni Tukuyu waache mabishano ya mpira ghafla, taja maneno matatu tu: mali ya Mjerumani. Hapo hata aliyekuwa anasinzia atafumbua jicho. Mmoja atakwambia kuna sanduku la rupia limefukiwa chini ya mti wa parachichi. Wa pili ataapa kwamba babu yake alionyeshwa alama kwenye jiwe. Wa tatu, na huyu ndiye wa kuogopa, atakuvuta pembeni na kukunong'oneza kwamba ramani anayo, kilichobaki ni ngawira kidogo tu ya kukodi mashine...

Mpenzi msomaji, mimi ramani sina. Lakini nataka nikuambie habari ya mali nyingine iliyofukiwa kweli kweli, ambayo kila siku tunaizoa na koleo na kuipeleka kujaza mashimo ya barabara. Mali hiyo ni habari za watu waliotutangulia, na mahali inapopotea kwa kasi kuliko pengine popote ni kwenye viwanja vya viwanda vya zamani.

Unavijua viwanja hivyo. Tangu mashirika ya umma yalipoanza kubinafsishwa miaka ya 1990, kila mji una chake. Paa limeliwa na kutu, mlinzi ni mmoja na mbwa wake, mitambo imeshakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Siku moja linabandikwa tangazo: hapa patajengwa fremu za maduka, hoteli, au makazi ya kisasa. Wiki inayofuata katapila linanguruma. Nani kauliza chini kuna nini? Hakuna!

KWA NINI TUKUYU

Nimeichagua Tukuyu kwa sababu ni mji ambao ukitazama juu unaona kijani kitupu, chai, migomba na parachichi, na huwezi kufikiria kwamba chini kuna mambo. Mji wenyewe uko kama kilometa 70 kutoka Mbeya, kwenye barabara iendayo Kyela na mpaka wa Malawi. Mlima Rungwe unausimamia kama mzee wa ukoo, urefu wake karibu meta 3,000. Mvua yake si mchezo: zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ukisahau mwavuli, shauri yako.

Wajerumani waliuita Neu Langenburg. Kituo chao cha kwanza, Langenburg, kilikuwa chini kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakapanda mlimani kwenye baridi. Kabla yao, mwaka 1891, wamisionari wa Moravian walikuwa wameshaanza kituo Rungwe. Mwaka 1904 chai ikapandwa Kyimbila, hapo hapo jirani na mji. Ni Amani tu, kule Tanga, iliyotangulia, mwaka 1902. Kilimo cha chai cha kibiashara nchini kikaanza mwaka 1926. Na hiyo Kyimbila usiidharau: Adolf Stolz, Mjerumani wa misheni, alikusanya mimea pale kwa miaka mingi, na mpaka leo jina Kyimbila limeandikwa kwenye makabati ya mimea iliyokaushwa huko Ulaya. Wataalamu wa mimea ambao hawajawahi kukanyaga Mbeya wanalijua!

Mei 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza yaliyotokea Nyasaland yakauchukua mji. Kwa hiyo ndani ya miaka isiyofika 30 Tukuyu ilishaona misheni, boma, mashamba na vita. Kila kimoja kimeacha takataka zake. Na takataka, ndugu yangu, ndicho chakula cha mwanaakiolojia.

DHAHABU ILIYOFANANA NA UCHAFU

Najua unachofikiria. Akiolojia si mambo ya Olduvai na mafuvu ya miaka milioni? Kiwanda cha juzi kinahusu nini?

Sikia. Kule Kemondo, Bukoba, watafiti wakiongozwa na Mmarekani Peter Schmidt walichimba miaka ya 1970 mabaki ya matanuru ya kuyeyushia chuma. Walichokipata hakikuwa na mng'ao wowote: mavi ya chuma, vipande vya matofali ya tanuru, vipande vya mabomba ya udongo ya kupulizia hewa. Ukikiona njiani unakipiga teke. Lakini kutokana na uchafu ule walionyesha kwamba mafundi wa Buhaya walikuwa wakiyeyusha chuma kwa ustadi mkubwa miaka kati ya 1,500 na 2,000 iliyopita, na mwaka 1978 matokeo yakatangazwa katika jarida la Science la Marekani. Dunia nzima ikashika kichwa. Kumbe Mwafrika alikuwa na kiwanda zamani zile!

Kwa maneno mengine, Kemondo ilikuwa eneo la viwanda. Uvinza nayo, kule Kigoma, ilikuwa eneo la viwanda: chumvi ya pale imechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000, na ilipochimbwa mwaka 1967 vigae vya vyungu vya wachemshaji wa zamani vilikutwa chini ya vile vya waliowafuata. Mahali penye malighafi na maji watu hurudi hapo hapo, kizazi hadi kizazi. Ndiyo maana chini ya kiwanda kipya mara nyingi kuna kazi ya zamani.

Rungwe je? Wanyakyusa walikuwa na chakula tele lakini majembe walitegemea kwa Wakinga, wahunzi wa milima ya Livingstone. Vyungu walivipata kwa akina mama wa Kikisi, wafinyanzi hodari wa kando ya Ziwa Nyasa. Mkinga anashuka na jembe, Mkisi anapanda na chungu, Mnyakyusa anatoa chakula. Hilo ni soko la pamoja kabla hata neno hilo halijabuniwa! Sasa ukikuta kigae cha chungu cha Kikisi chini ya sakafu ya kiwanda Tukuyu, unakuwa umeshika risiti ya biashara ile. Risiti haina maandishi, ila wenye kuisoma wapo.

UDONGO WENYE KALENDA

Hapa ndipo Tukuyu inapozishinda sehemu nyingi. Eneo lote hili ni la volkano, na kila volkano ilipolipuka ilimwaga tabaka lake kama mama anayepaka siagi kwenye mkate.

Kama miaka 4,000 iliyopita Mlima Rungwe ulilipuka vibaya sana na kutupa mawe mepesi yenye vitundu mpaka mbali. Ngozi, ule mlima wenye ziwa ambalo watalii hulipanda siku hizi, ulilipuka ndani ya miaka 1,000 iliyopita. Na Kyejo ulimwaga lava mnamo mwaka 1800, karibu sana kiasi kwamba masimulizi yake yalibaki midomoni mwa watu. Sasa fikiria umechimba shimo na kukuta kigae chini ya tabaka ambalo wataalamu wanajua ni la Rungwe. Bila hata kuuliza maabara, unajua aliyekivunja chungu kile aliishi kabla ya mlipuko ule. Kalenda imeandikwa ardhini!

Ila udongo huo huo una ubaya wake. Ni wa tindikali na mvua haikatiki, kwa hiyo mifupa huoza na chuma huliwa upesi. Nyumba za Wanyakyusa zilikuwa za mianzi, safi na za kupendeza, lakini mwanzi hauachi ukuta. Unaacha doa jeusi la mviringo kwenye udongo pale nguzo iliposimama. Doa! Mwenye jicho anaona nyumba, katapila linaona tope.

Na nyumba hizo zilihama hama. Zamani kijana wa Kinyakyusa akifika miaka kama 10 hivi aliondoka kwa wazazi kwenda kujenga na wenzake wa rika moja, wakawa na kijiji chao. Ninyi mnaodhani mambo ya geto mmeyaanzisha ninyi, poleni. Mwanaanthropolojia Monica Wilson aliyaandika yote hayo katika kitabu chake cha mwaka 1951. Lakini kitabu hakikuonyesha kila kijiji kilisimama wapi. Yale madoa ya nguzo yangeweza.

TUSEME KIWANJA KIMEPATIKANA

Sitataja kiwanja cha mtu. Tuchukue cha mfano: kiwanda cha zamani cha kusindika chai, ekari chache, pembeni kuna nyumba za wafanyakazi zilizobomoka, na mwekezaji anataka kujenga. Kinachotakiwa kabla ya katapila si kuchimba kila inchi kwa brashi ya meno kama kwenye sinema. Ni kupima kwanza: je, kuna uwezekano wa kuwapo kitu, ni kitu gani, kiko kina gani, na ujenzi utakifikia au hautakifikia? Kazi hiyo huenda kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni ya mezani, hakuna jembe. Mtaalamu anatafuta karatasi. Kumbukumbu za Taifa pale Dar es Salaam zina mafaili ya Wajerumani na kile kitabu cha wilaya kilichoandikwa na mabwana shauri wa Kiingereza. Kuna ramani za Wajerumani za mizani ya 1:300,000. Wamoravian wana nyaraka zao Herrnhut, Ujerumani. Kuna picha zilizopigwa kwa ndege. Na kuna maktaba moja ambayo haina paa wala rafu: wazee.

Nilimuuliza mzee mmoja aliyemaliza ujana wake kwenye kazi ya chai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na mvua."

"Eti mzee, pale kiwandani kwenu majivu ya boila mlikuwa mnatupa wapi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya chumvi ya mwaka jana. Kisha akacheka. "Tangu nistaafu hakuna mtu kaniuliza kitu cha maana hivyo! Watu wanakuja kuuliza Mjerumani kaficha wapi hela. Majivu tulitupa bondeni. Chupa, vikombe vilivyovunjika, majembe yaliyokwisha, vyote bondeni. Na kabla ya kiwanda pale palikuwa na migomba ya watu. Migomba haioti yenyewe porini, mwanangu. Palipo na mgomba palikuwa na nyumba."

Umeona? Sentensi tano tu, bila malipo, na mtaalamu tayari anajua pa kuangalia: bondeni kuna jalala, na chini ya kiwanda kulikuwa na makazi ya watu. Mzee huyo akitutoka, hilo jibu limekwenda naye.

Hatua ya pili ni kutembea. Unakipita kiwanja kwa mistari, unatazama chini. Matofali yana mhuri wa mtengenezaji? Chupa ina alama gani kwenye kitako? Sakafu ya zege ni moja au mbili? Hapa tahadhari: viwanda vya zamani vina mafuta yaliyomwagika na mara nyingine mapaa ya asbesto ambayo vumbi lake huua taratibu. Kama humjui mdudu, usimshike.

Hatua ya tatu ndiyo ya mashimo ya majaribio. Mashimo machache, madogo, pale tu ambapo karatasi na wazee wameelekeza. Unachimba tabaka kwa tabaka na kila kitu kinaandikwa kilitoka wapi. Makaa yanaweza kupimwa umri kwa njia ya kaboni. Lakini kwa vitu vya miaka 300 hii ya karibuni kipimo hicho hubabaika, hutoa majibu ya mwaka huu au ule. Ndiyo maana kwenye kiwanja cha kiwanda kipande cha chupa, sarafu ya heller au kitufe cha shati vinaweza kukupa mwaka kwa uhakika kuliko maabara.

Hatua ya nne ni kuamua. Pengine jibu ni kwamba hakuna kitu, jengeni kwa amani. Pengine inabidi jengo lisogezwe meta chache. Pengine sehemu moja ichimbwe kitaalamu kwanza, au mtaalamu asimame pembeni wakati msingi unachimbwa. Pengine mtambo mmoja uhifadhiwe na picha zipigwe kabla ya kubomoa. Majibu ni mengi, na "msijenge kabisa" ni mojawapo tu, tena la nadra.

NEW YORK WALIDHANI

Kuna wajanja watakaosema: "Wewe mwandishi, kiwanda chenyewe kilishachimba msingi, kitu gani kitakuwa kimesalia?"

Swali zuri, na kuna watu waliolijibu vibaya. Mwaka 1991, katikati ya New York, serikali ya Marekani ilikuwa ikijenga jengo la ofisi. Ramani za zamani zilionyesha wazi kwamba pale palikuwa na makaburi ya Waafrika, watumwa na walio huru, wa karne za 17 na 18. Waliofanya tathmini waliiona ramani ile. Lakini wakahitimisha kwamba majengo ya baadaye yenye vyumba vya chini yalikuwa yamekwisha kuyaharibu makaburi. Kumbe zamani bonde lile lilijazwa udongo mwingi, na watu wetu walikuwa wamelala salama chini yake. Walipoanza kuchimba, mifupa ikatoka. Mabaki ya watu 419!

Weusi wa New York waliwaka. Kazi ikasimama upande huo wa kiwanja, mabaki yakachunguzwa kwa heshima, mwaka 2003 yakazikwa upya, na mwaka 2006 mahali pale pakatangazwa kuwa mnara wa taifa. Leo ni moja ya sehemu zinazothibitisha kwamba jiji lile tajiri lilijengwa pia na mikono ya Waafrika. Yote hayo yalikuwa chini ya lami na majengo ya biashara.

Waingereza nao walipata somo lao mwaka 1989, London, pale jumba la ofisi lilipovunjwa na chini yake yakaonekana mabaki ya ukumbi wa maigizo wa Rose, uliojengwa mwaka 1587. Waigizaji maarufu wakasimama kuutetea. Mwaka uliofuata, 1990, serikali ikatoa mwongozo kwa wapanga miji wa England kwamba habari za akiolojia ziulizwe kabla ya kutoa kibali, si baada ya katapila kufika. Hadi leo wanajenga kuliko sisi, kwa hiyo usiniambie kuuliza kunazuia maendeleo.

SHERIA NA MWAKA 1863

Sasa tuje kwetu, na hapa ndipo penye mwiba. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Ni sheria yenye meno: kuchimba bila kibali ni kosa, na anayegundua kitu cha kale anatakiwa kutoa taarifa. Wale wa ramani na mashine mpo hapo?

Lakini sheria hiyo imeweka mstari. Jengo linalindwa kwa umri wake peke yake kama lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Vifaa navyo ni hivyo hivyo, ukiacha vitu vya jadi, na milango ya kuchongwa ambayo mstari wake ni mwaka 1940. Kilichojengwa baada ya 1863 kinahitaji waziri akitangaze ndipo kiwe na ulinzi.

Piga hesabu na mimi. Misheni ya Rungwe, 1891. Boma la Tukuyu, mwanzoni mwa karne ya 20. Chai ya Kyimbila, 1904. Viwanda vya chai, baada ya hapo. Vyote vimezaliwa baada ya mstari! Historia nzima ya viwanda ya Tukuyu, na karibu ya nchi nzima, imeangukia upande ambao umri wake hauulindi. Mwaka 1964 mstari ule ulikuwa na maana, maana 1863 ilikuwa kama miaka 100 nyuma. Miaka imekwenda, mstari umebaki pale pale.

Tundu hilo linazibwa na nini? Kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za mwaka 2005, zinazotaka miradi ya aina fulani ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na mambo ya historia na utamaduni yamo katika yanayopaswa kutazamwa. Kuna Sera ya Mali ya Kale ya mwaka 2008. Kuna sheria ya kuhamisha makaburi ya mwaka 1969, ambayo ni muhimu sana palipokuwa na kambi za wafanyakazi, maana watu walikufia kazini na kuzikwa mbali na kwao. Lakini mradi mdogo, wa fremu ishirini na choo cha kulipia, unaweza kupita bila hata mtu kuinua jiwe. Na miji yetu inajengwa na miradi midogo.

NA AJIRA JE?

Kijana mmoja wa bodaboda aliponisikia naongea haya hakuficha uso.

"Kaka, wewe unatoka mjini unakuja kutuambia habari za vigae. Sisi tunataka fremu zijengwe tupate kazi. Kiwanda kimekufa, kila siku tunakitazama kutu. Kigae kitanilipia kodi ya chumba?"

Sikumbishia, maana ana hoja. Anayekula mara moja kwa siku huwezi kumwambia asubiri historia. Lakini nikamuuliza: tathmini ya kiwanja cha kawaida ni suala la wiki, si miaka, na mashimo ya majaribio huchimbwa na nani? Na vijana wa hapo hapo, kwa ujira. Kinachochelewesha ujenzi ni ile ajali ya kukuta kaburi siku ya kumwaga zege. Hapo ndipo kazi husimama, polisi huja, ndugu huja, mwanasheria huja, na fremu hazionekani. Aliyeuliza mapema hupoteza wiki; asiyeuliza huweza kupoteza mwaka.

Na Rungwe sasa inapokea wageni. Wanakuja kuona Ngozi, wanakuja kuona Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira, wanashuka Masoko kuona ziwa la volkano na kusikiliza hadithi za sarafu za Mjerumani zilizotupwa majini, maana pale palikuwa na kambi yake ya kijeshi. Mgeni anayekuja kunywa chai ya Tukuyu akionyeshwa mtambo wa kwanza wa kukaushia, na picha za akina baba na akina mama waliochuma na kusindika, atalala siku ya pili. Siku ya pili ni chumba, chakula, na bodaboda. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapo umenigusa." Kumbe ni mtu wa hesabu, si adui wa historia.

SISI TUFANYE NINI

Mimi si mwanasheria wala mwanaakiolojia. Lakini wasomaji wangu ni vijana wa mjini, na mmoja wenu kesho atakuwa diwani, fundi, dalali wa viwanja au ofisa ardhi. Kwa hiyo chukueni haya.

Tangazo la ujenzi likibandikwa kwenye kiwanda cha zamani, nenda halmashauri uulize: tathmini imefanyika? Mambo ya kale yametazamwa? Ni haki yako kuuliza, na swali likiulizwa na watu kumi ofisini halisahauliki kirahisi. Ukifanya kazi ya msingi ukakuta vigae vingi, mavi ya chuma, au doa jeusi la mviringo linalojirudia, usizoe. Simamisha koleo, piga picha, toa taarifa kwa ofisa utamaduni au Idara ya Mambo ya Kale. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha akiolojia tangu mwaka 1985, wataalamu tunao hapa hapa, hatuhitaji kuagiza kwa meli.

Ukipewa dili la kuchimba mali ya Mjerumani, kimbia. Tena kimbia mbio. Rupia za dhahabu zenye picha ya tembo zilitengenezwa kweli, Tabora, mwaka 1916, lakini anayekuuzia ramani ya mahali zilipo angekuwa anajua asingekuuzia wewe. Na shimo lake likishachimbwa ovyo, kalenda ya Rungwe na Kyejo imechanganywa kama pilau, hakuna mtaalamu wa kuipanga tena.

La mwisho ni rahisi kuliko yote. Una babu, bibi, baba mkubwa au shangazi aliyefanya kazi kiwandani, iwe chai, pamba, katani au nguo? Jumapili hii mpelekee sukari. Muulize zamu ilianza saa ngapi, king'ora kililiaje, majivu yalitupwa wapi, nani alikufa kazini na alizikwa upande gani. Andika kwenye daftari, weka jina lake na tarehe. Siku kiwanja kile kitakapopata mnunuzi, daftari hilo litakuwa ukurasa wa kwanza wa tathmini, na pengine ndilo litakaloonyesha shimo la kwanza lichimbwe wapi.

Ni hayo kwa leo.